Vifaa vya Safari na Utunzaji wa Tairi za Baiskeli ya Umeme: Mwongozo Kamili kwa Njia za Malindi

Baiskeli ya umeme ikipata pancha baada ya Mambrui, ukielekea Marafa, haibebeki begani. Nyingi zina kilo 22 hadi 35 betri ikiwemo, na zile zenye mota ndani ya gurudumu la nyuma zimekazwa kwa nati mbili kubwa ambazo spana ndogo ya mfukoni haiziwezi. Kwa hiyo vifaa vya kubeba havichaguliwi kwa kutazama wenzako wamebeba nini. Vinachaguliwa kwa kulitazama gurudumu lako la nyuma. Lifungue nyumbani, kivulini, kwa vifaa vile vile utakavyobeba na si kingine. Kifaa utakachokimbilia ndani kukitafuta ndicho kinachokosekana mkobani.

Soma ubavu wa tairi

Ubavuni mwa tairi kuna namba mbili za ukubwa. Moja ni ya inchi, kwa mfano 26 x 2.0. Nyingine ni ya milimita, kwa mfano 50-559: 50 ni upana wa tairi, 559 ni kipenyo cha rimu pale tairi inapokalia. Nunua kwa namba ya milimita. Tairi ya 559 na ya 590 zote huitwa "26" dukani, lakini moja haikai kwenye rimu ya nyingine hata uilazimishe vipi.

Tyubu nayo ina kiwango chake, kwa mfano 26 x 1.75 hadi 2.125. Ukiingiza tyubu hiyo kwenye tairi pana ya 4.0 itajaa, ndiyo, lakini itakuwa imevutika hadi kuwa nyembamba, na mwiba mdogo utaimaliza.

Kisha valvu. Kuna nene, kama ya gari na pikipiki, na kuna nyembamba ndefu yenye kinati kidogo cha kufungua juu. Hapa kwetu chagua nene kama rimu inaruhusu, kwa sababu kila kituo cha mafuta na kila fundi wa pancha za boda ana kichwa chake. Tundu la rimu la milimita 8.5 linaingia valvu nene, la milimita 6.5 ni la nyembamba tu. Kama yako ni nyembamba, nunua kichwa kidogo cha shaba cha kugeuza, kiache kimefungwa pale pale juu ya valvu ili kisipotee.

Upepo

Kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni hakivukwi. Ndani ya kiwango hicho, kwa mpandaji wa kilo 70 hadi 80, anzia hapa (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo): tairi za upana wa inchi 1.75 hadi 2.2, psi 35 hadi 50 kwenye lami, za 2.4 hadi 2.8, psi 25 hadi 35, za 4.0, psi 15 hadi 22 kwenye lami na psi 8 hadi 12 kwenye mchanga mlaini. Tairi ya nyuma ipate psi 3 hadi 5 zaidi ya mbele, kwa sababu inabeba wewe, mzigo na mara nyingi mota yenyewe. Kwa tairi za 4.0, tofauti ya psi 2 inatosha. Mwenye kilo 90 na mkoba uliojaa aongeze kidogo tena.

Upepo mdogo mno una madhara matatu kwenye baiskeli ya umeme. La kwanza, ukigonga ukingo wa lami tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu, inatoboka matundu mawili yaliyo sambamba. La pili, betri inaisha mapema, na wakati wa kusi ukitoka Mambrui kurudi Malindi mjini, upepo wa bahari ukiwa usoni, utalisikia hilo kabla hujafika daraja la Sabaki. La tatu watu wengi hawalijui: mota inapovuta kwa nguvu, rimu inazunguka kidogo ndani ya tairi legevu, tyubu inaburutwa, na valvu inachanika pale shinani. Pancha ya shina la valvu haizibiki. Ukiona valvu imeinama badala ya kusimama wima, simama mara moja, toa upepo wote, isogeze tairi hadi valvu inyooke, ujaze upya.

Upepo mwingi mno una hatari yake kwenye joto letu. Tairi iliyojazwa psi 50 asubuhi kwenye nyuzi 27, ikiachwa juani eneo la Casuarina hadi mpira ufike nyuzi 60, inapanda hadi karibu psi 57. Kama 50 ndiyo mwisho wake, umeshapita. Acha nafasi, na egesha kivulini.

Pima upepo kila wiki, na kila siku kabla ya safari ndefu, kwa kipimo chako mwenyewe. Kompresa ya kituo cha mafuta hujaza tairi ya baiskeli kwa sekunde chache, kwa hiyo bonyeza kidogo, achilia, pima, bonyeza tena. Fundi akikuuliza atie ngapi, mtajie namba. Ukimwambia ajaze tu, atajaza kwa mazoea ya pikipiki.

Vya kubeba, na pa kuviweka

Spana ya nati za nyuma ndiyo ya kwanza. Kwenye mota nyingi za nyuma ni namba 18, nyingine 19, na gurudumu la mbele la nati huwa 15. Jaribu mwenyewe. Usitegemee spana malaya (ya taya zinazorekebishwa) kwa nati hizi, maana taya zake hulegea chini ya nguvu na kulainisha pembe za nati, na nati iliyolainika huko Kakoneni ni safari ya kusukuma. Spana iwe na mpini wa sentimita 20 au zaidi. Baiskeli yenye mota katikati, penye pedali, haihitaji spana hiyo: gurudumu lake mara nyingi hutoka kwa alenkii (ufunguo wa pembe sita) ya 6 au kwa kishikio cha kuvuta.

Baada ya hiyo, weka alenkii za 4, 5 na 6, bisibisi ndogo, koleo ndogo ya kukata na kushika, vijiti viwili au vitatu vya plastiki vya kung'olea tairi, viraka visivyopungua 6, gundi ambayo haijafunguliwa, kipande cha msasa, tyubu 1 mpya (2 kama unavuka Mambrui au unaingia njia za msitu wa Arabuko-Sokoke), pampu, kipimo cha upepo, tai za plastiki 6 za kufungia waya, kitambaa cha pamba, na kamba ya mita 4. Ongeza kipande cha tairi kuukuu, sentimita 5 kwa 8, kilichochongwa kingo zake zikawa nyembamba. Hicho ni cha kuweka ndani pale ubavu wa tairi ukichanika, ili tyubu isichungulie nje.

Kuhusu pampu: kwa tairi za 2.0, pampu ndogo ya mkono yatosha. Kwa tairi ya 4.0, ambayo ndani yake mna nafasi ya karibu lita 16, pampu hiyo itakudai mikupuo kati ya 200 na 400, juani. Pampu ndogo ya umeme inayochajiwa inastahili bei yake kwa mwenye tairi pana, lakini beba na ya mkono, kwani ya umeme ikiisha chaji haina msaada. Vichupa vya gesi ya kaboni vya gramu 16 usihangaike navyo: kimoja hakifikishi tairi pana hata psi 10.

Gundi ya viraka ikishafunguliwa hukauka upesi kwenye joto hili, hata kama kifuniko kimekazwa. Kwa hiyo iliyofunguliwa ibaki nyumbani, na mkobani iwe mpya kila baada ya matumizi.

Mahali bora pa mkoba ni katikati ya fremu, chini kadiri inavyowezekana. Ukiuweka juu ya keria, uzito unakuwa juu na nyuma, pale pale ambapo tairi tayari imeelemewa. Mgongoni usibebe vyuma, ukianguka vinakwenda uti wa mgongo. Na vyuma visikae mfuko mmoja na betri ya akiba au chaja, kwa sababu spana ikigusa ncha mbili za betri kwa pamoja italeta cheche na moto.

Zungushia tyubu kitambaa, isisuguliwe na spana. Tyubu mpya iliyokaa miezi mitatu ikigongana na vyuma hutoboka kabla haijatumika, na hilo hugunduliwa siku mbaya. Vyuma vifute na tone la mafuta ya cherehani, kisha viviringishe ndani ya kipande cha tyubu ya pikipiki kilichopasuliwa. Kinazuia unyevu wa chumvi na kelele, na unatandika chini unapofanya kazi ili nati zisimezwe na mchanga.

Pancha ya nyuma bila kung'oa gurudumu

Njiani, hii ndiyo njia ya kwanza kujaribu, kwa sababu waya wa mota na washa zake (pete za chuma zinazokaa kwenye ekseli penye nati) hazitaguswa. Zima umeme, toa betri. Ilaze baiskeli kwa upande usio na cheni. Zungusha gurudumu polepole ukitafuta mwiba, msumari au kigae. Ukikiona, usikitoe bado: weka alama kwa kalamu ubavuni.

Toa upepo uliobaki. Minya kingo za tairi kuelekea katikati ya rimu kote mzunguko, kwani katikati kuna bonde na ndilo linalokupa nafasi. Ingiza vijiti viwili upande ulio juu, penye alama, umbali wa sentimita 10 kati yao, utoe ukingo mmoja. Vuta tyubu nje kiasi cha mkono mmoja tu. Jaza upepo kidogo na sogeza tyubu karibu na midomo, maana ngozi ya mdomo husikia upepo mwembamba kuliko vidole. Kama tundu halijitokezi, lowesha kwa maji ya chupa na utafute mapovu.

Kwangua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka hadi mng'aro wa mpira uondoke, na mstari ulioinuka wa tyubu ukiwa karibu uusawazishe kabisa, la sivyo upepo utapita chini yake. Paka gundi nyembamba. Subiri dakika 5, hadi gundi iwe haishiki kidole. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanabandika gundi ikiwa mbichi, kiraka kinateleza, wanarudia, gundi inaisha. Gundi hii haibandiki kwa ubichi wake, inaungana na mpira ikishakauka. Bandika, kandamiza dakika 2 kutoka katikati kwenda nje, kisha toa kile ulichokiwekea alama kabla ya kurudisha tyubu.

Ikibidi gurudumu litoke

1. Zima, toa betri, kisha bonyeza swichi mara moja ili umeme uliobaki uishe. Weka gia ndogo kabisa nyuma.

2. Usiipindue baiskeli ikalalia skrini na vishikio vya breki. Ukiwa huna budi, weka kandambili chini ya kila mpini wa usukani ili skrini ining'inie. Breki za mafuta zikipinduliwa huweza kulegea kidogo, kwa hiyo ukiisimamisha zibonyeze mara kadhaa kabla ya kupanda.

3. Fuata waya wa mota kutoka ekseli hadi kwenye plagi, kwa kawaida upande wa cheni au wa pili, umbali wa kiganja kimoja au viwili. Kata tai za plastiki. Plagi ina mishale miwili inayotazamana. Vuta moja kwa moja bila kusokota, ukishika plagi yenyewe na si waya, kwa sababu ndani mna pini nyembamba, na pini iliyopinda humaanisha mota haiwaki.

4. Piga picha ya mpangilio wa washa kwa simu kabla ya kulegeza nati. Mojawapo ina jino linaloingia kwenye mpasuo wa fremu. Jino hilo ndilo linaloizuia ekseli kuzunguka mota inapovuta. Likiwekwa vibaya au likisahauliwa, ekseli inajizungusha, inapanua fremu na kuusokota waya hadi ukatike. Hakuna sehemu ya kazi hii inayohitaji uangalifu kuliko washa hii.

5. Gurudumu likishatoka, usibonyeze breki. Ingiza karatasi ngumu iliyokunjwa kati ya vibao vya breki. Diski usiishike kwa vidole vyenye mafuta, na kama umetoka kushuka mlima, iache ipoe.

6. Ukirudisha tyubu, itie upepo kidogo ipate umbo, isijikunje. Anza na valvu, malizia upande ulio mkabala nayo, kwa viganja na si kwa vijiti, maana vijiti vya mwishoni ndivyo hutoboa tyubu mpya. Sukuma valvu juu mara moja ili tyubu isibanwe chini ya ukingo. Jaza hadi psi 10, kagua mstari mwembamba ulio karibu na rimu: uwe umbali uleule mzunguko mzima. Ndipo umalize.

7. Rudisha ekseli hadi mwisho wa mpasuo, zile washa zikae kama pichani, kaza nati hadi nyutoni-mita 40 hivi. Bila kipimo, hiyo ni nguvu ya kuning'iniza ndoo ya maji ya lita 20 kwenye ncha ya spana ya sentimita 20. Unganisha plagi mshale kwa mshale, waya upinde kwenda chini kwanza ndipo upande, ili maji ya masika yadondoke badala ya kufuata waya hadi ndani ya mota. Funga tai. Anza kwa msaada mdogo kabisa mita 100, kisha kagua nati tena.

Kwa nini pancha inarudi

Tundu linasema lilikotoka. Tundu moja dogo upande wa barabara ni mwiba, msumari au kigae. Matundu mawili sambamba ni upepo mdogo. Tundu upande wa rimu ni ncha ya spoku, au utepe wa rimu (ukanda unaofunika vichwa vya spoku) uliosogea. Joto hulainisha gundi ya utepe na vichwa vya spoku vikajitokeza. Utepe wa kitambaa hudumu kuliko wa plastiki, na ukikosekana, ukanda uliokatwa kwa tyubu kuukuu unafaa.

Miiba ya mgunga na ya mathenge ina tabia ya kukatika ndani ya tairi. Nje huoni kitu, ndani ncha ya milimita 2 inangoja. Kabla ya kuingiza tyubu, pitisha kitambaa cha pamba ndani ya tairi mzunguko mzima, kwenda na kurudi. Nyuzi zikikwama, hapo pana ncha; isukume itoke nje kwa bisibisi au ivute kwa koleo. Mbigili za mchangani huja nyingi kwa pamoja, hivyo ukipata moja tafuta wenzake. Njia za ndani zilizomwagwa kokoto za matumbawe nazo hukata mpira, hasa mvua ikinyesha, kwani maji hulainisha njia ya kigae kuingia.

Ukimpelekea fundi wa boda kazi, atakuzibia vizuri, lakini huenda mota ya gurudumuni hajaizoea. Mwambie mapema na kwa heshima: "Fundi, huu waya usivutwe, na hizi washa zirudi kama zilivyo." Plagi ichomoe wewe mwenyewe.

Dawa ya kuziba na ukanda wa kinga

Dawa ya maji ya kuziba pancha inafaa sana kwa njia za miiba. Kwa tairi za 2.0 weka mililita 90 hadi 120, kwa za 4.0 mililita 180 hadi 240. Inaingia kupitia valvu iliyotolewa moyo wake. Kwenye joto la pwani hukauka mapema, kwa hiyo kagua kila baada ya miezi 2 kwa kuingiza tai nyembamba ya plastiki kupitia valvu: ikitoka kavu, ongeza. Haizibi mpasuko mrefu wala kubanwa na rimu. Na tyubu yenye dawa ni ngumu kubandika kiraka, kwa hiyo futa hadi ikauke kabisa kabla ya gundi.

Ukanda wa plastiki unaokaa kati ya tairi na tyubu huzuia miiba vizuri. Ubaya wake uko kwenye ncha mbili zinapokutana: zikiwa kali hukata tyubu polepole. Zichonge kwa msasa ziwe mviringo.

Mchanga, chumvi na uchakavu

Ukipanda ufukweni, punguza upepo kabla ya kuingia mchangani na uujaze tena kabla ya lami. Ukirudi, osha kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) ya ndoo na kitambaa. Mpira wa maji wenye kasi husukuma chumvi ndani ya beringi na ndani ya mota. Chumvi hula vichwa vya spoku kwanza. Mara moja kwa mwezi zipige spoku za nyuma kwa ukucha: sauti zikaribiane. Iliyo bubu imelegea, na spoku moja ikikatika chini ya uzito wa mota, jirani zake hufuata.

Tairi ibadilishwe nyuzi zikionekana, kingo zikivimba, au nyufa za ubavuni zikiwa za kuingia ukucha. Ya nyuma huisha kwanza. Unaponunua moja mpya, iweke mbele, na ya mbele ihamie nyuma, kwa sababu kuteleza kwa gurudumu la mbele ndiko kunakoangusha mtu.

Ikishindikana

Usipande baiskeli yenye tairi tupu hata mita mia. Uzito wake utakata ubavu wa tairi na kupinda rimu. Tumia kitufe cha kusukuma, kinachoitembeza baiskeli kwa mwendo wa miguu, nawe ukitembea pembeni. Ukifika barabara kuu, tuktuk huchukua baiskeli ikiwa gurudumu la mbele limetolewa na fremu imefungwa kwa ile kamba ya mita 4, upande wa cheni ukitazama juu. Toa betri kwanza uishike mapajani, na plagi ya mota ifunike kwa kitambaa ili vumbi na mchanga visiingie kwenye pini.